Wapangaji wa Juu ya Jiwe

Siku ya pili baada ya arobaini ya mama mdogo, wageni wakiwa wameshaondoka na masufuria ya kuazima yamesharudi kwa wenyewe, Bukini alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha jiwe, kana kwamba mimi ndiye nisiyelijua. Bukini ndiye mtoto wa kwanza wa mama mdogo. Ana watoto watatu sasa, na jina lake la ubatizo analitumia benki tu. "Dada Koku," akasema, "wewe ndiye mkubwa wetu. Nataka tulivunje hili tuongeze vyumba viwili. Fundi anakuja kesho asubuhi na mashine yake. Sema ndiyo, au sema hapana." Nikaliangalia lile jiwe, refu kupita paa la nyumba, na mkuyu ulioota kwenye ufa wake, na kile kiota kwenye panda ya mkuyu, kikubwa hata mtoto wa miaka mitano angeingia akajikunja ndani. Sijui kama ni kile kile cha zamani au cha wajukuu wa wale ndege. Nikamwambia anipe mpaka kesho. Akacheka, akasema uzee umeanza kuniingia, zamani sikuwa mtu wa kuomba muda.

Zamani hiyo nilikuwa na miaka kumi na minne. Kwa nini nilitolewa Muleba nikaletwa Mwanza si habari ya leo. Itoshe kwamba nilikuwa nimechaguliwa kidato cha kwanza katika shule ya kutwa, na shule ya kutwa humtaka mtu awe na pa kulala. Mama mdogo na mume wake walikuwa na pa kulala wao wawili: chumba kimoja na sebule, mlimani juu ya Igogo, mahali ambapo nyumba zimebanana na mawe mpaka hujui nani alimtangulia mwenzake. Mimi nikapewa sebule. Kila jioni baada ya chakula tulisogeza meza ukutani, tukatandika godoro langu la sponji, na kila asubuhi kabla ya uji nikalikunja, nikalifunga kamba na kulisimamisha nyuma ya mlango. Godoro lile lilikuwa na ua jekundu katikati. Mgeni akija mapema, anakuta ua limejikunja nyuma ya mlango na mimi nimekaa wima kwenye kochi kama mtu aliyekuja kutembelea. Sikuwa nalia. Lakini nilijifunza kupiga chafya kwa ndani, na kuweka vitu vyangu vyote kwenye begi moja chini ya kochi, ili nisionekane kuenea.

Kitu kimoja tu pale kilikuwa changu: mlango wa nyuma. Niliukalia kila jioni nikichambua mchicha au nikisafisha mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa. Baba mdogo alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki na hakukosa kuja nayo. Mapanki yakichemshwa na nyanya na ndimu, ukanyonya kichwa taratibu, ni chakula cha kumsahaulisha mtu kwao. Baba mdogo alikuwa Msukuma wa upande wa Bujora, mpole, na hakuchoka kututania. "Nyie Wahaya, ndizi ni kitafunwa. Mtu mzima anakula ugali." Mama mdogo naye hakukubali kushindwa: "Na wewe na michembe yako, viazi vikavu unatafuna kama mbuzi anatafuna kamba, leo umekuwa mtu mzima?" Wakicheka, mimi nilikuwa naangalia juu ya jiwe, kwa sababu tangu mwezi wa pili walikuwa wameanza kujenga pale ndege wawili wa rangi ya kahawia, wenye vichwa vilivyochongoka mbele na nyuma kama nyundo. Baba mdogo akaniambia anaitwa fundichuma. Akaniambia pia kwamba akijenga kwako usimguse, na kwamba nyumba yake huwa haikosi wapangaji. Akitoka yeye, ataingia mwingine.

Sijui ni nini hasa kilichonishika. Nadhani ni kwa sababu walikuwa wanajenga mbele ya macho yangu, kijiti kimoja kimoja, na hakuna aliyewauliza watakaa mpaka lini. Nikachukua daftari lililobaki nusu nikaanza kuandika. Jumatatu: vijiti kumi na tisa, kipande cha kanga. Jumanne: mfupa wa samaki, kamba ya kiatu. Jumatano: matope, matope, matope. Alhamisi: soksi yangu nyeupe ya shule, niliyoianika mwenyewe. Mama mdogo aliponikuta nimesimama nimeinua kichwa huku mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, alisema, "Basi na wewe umeshalipa kodi kule." Nilifurahi kupita kiasi kwa maneno yale. Baadaye nimefundisha baiolojia miaka mingi, na nimewahi kuulizwa na wanafunzi nilianzia wapi. Huwa nawaambia nilianzia kwenye soksi, nao hudhani ni utani.

Mwezi wa tano mama mdogo akaanza kutapika asubuhi, na nyumba nzima ikajua kabla ya kuambiwa. Jioni moja nilikuwa nimejilaza sebuleni na homa, wao wako chumbani, na kati yetu lilikuwa pazia tu. Pazia halijawahi kuzuia neno. Baba mdogo alisema mama yake lazima aje kwa ajili ya uzazi, ndivyo ilivyo, na atakaa hata miezi minne. "Atalala wapi?" mama mdogo akauliza. "Sebule ndiyo hiyo," akaendelea mwenyewe. Halafu mama mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Basi Koku itabidi arudi Muleba. Na shule ndiyo imekwisha hapo, maana kule hakuna ya karibu." Baba mdogo akasema kuna njia nyingine. Nyuma pana jiwe. Likivunjwa, patatoka nafasi ya chumba kimoja, na matofali machache anayo. Nikageuka kwenye godoro langu nikalala chali. Sijawahi kupenda chumba kisichokuwepo kama nilivyokipenda kile. Nilikijua mpaka dirisha lake litaangalia wapi.

Mzee Shija, fundi wa kuchoma mawe, alikuja mwezi wa tisa akitokea Misungwi, ameweka nyundo begani. Kazi yake wenyeji wa mlimani tunaijua. Unalizungushia jiwe kuni na matairi chakavu, unaliwasha kutwa nzima, likishaiva unalimwagia maji, nalo linapasuka kwa kishindo. Kinachobaki ni nyundo na mtaimbo. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kunitazama, maana alikuwa analipapasa jiwe kama mtu anayemchunguza ng'ombe mnadani. "Hili litakubali," akasema. "Mshipa wake huu hapa." Kisha akainua macho, akashusha nyundo begani. "La huko juu ndilo halikubali."

"Kiota tu hicho, mzee," mama mdogo akasema.

"Nimechoma mawe tangu sijaoa, mama. Siwashi moto chini ya nyumba ya mtu. Huyu ndege ukimbomolea, na wewe unabomolewa."

"Sisi ni Wakristo, mzee wangu."

"Hata mimi nimebatizwa. Ndege ndiye hajabatizwa."

Baba mdogo alicheka, lakini nilimwona naye amesimama mbali kidogo na jiwe. Wakakubaliana hivi: ndege wakishahama, na siku saba zikapita bila mwenye nyumba kuonekana, Mzee Shija atawasha. Ila asikawie kuitwa, kwa sababu mvua za kupandia zikianza yeye anarudi shambani, na hapo hata ukimpa ng'ombe humwoni mpaka baada ya mavuno. "Nani hapa ana macho?" akauliza. Baba mdogo akanyoosha kidole kwangu na daftari langu. Mzee Shija akanitazama kwa mara ya kwanza. "Haya, binti. Neno lako ndilo kiberiti changu."

Nilikuwa mlinzi mbaya, nakiri. Mlinzi huombea kitu kibaki, mimi niliombea waondoke. Vifaranga wa fundichuma walikuwa wameshakua, wakawa wanatoka na kurudi, wanatoka na kurudi, na mimi nikiwasema kimoyomoyo kama mama mwenye nyumba anayetaka kupandisha kodi. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi wakatoka wasirudi. Nikahesabu siku saba, kwa haki kabisa, nikikaa mlangoni kabla ya uji, na tena nikitoka shule mpaka kiza. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka. Nikamwambia baba mdogo, naye akampelekea salamu Mzee Shija. Jumatatu matairi yakaanza kupanda mlima, na Jumanne kuni. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya moto.

Jumatano nikitoka shule nikamwona bata bukini. Alikuwa amesimama juu ya kiota kama aliyekipanga tangu zamani, kahawia na kijivu, na doa la rangi ya kutu kuzunguka jicho. Mwenzake alikuwa chini kwenye ukingo wa jiwe akinung'unika. Nikadhani wamepumzika tu, wataendelea na safari zao za ziwani. Lakini yule wa juu aliinama, akaingia ndani, hakutoka. Kabla ya kiza alitoka mara moja, akajinyonyoa manyoya kifuani, akarudi nayo ndani. Hata mtoto wa kidato cha kwanza anajua manyoya ya kifuani ni ya kufunikia nini. Nikafungua daftari, nikaandika "Jumatano", nikaweka nukta mbili, nikalifunga. Daftari hilo ninalo mpaka leo. Baada ya zile nukta mbili hakuna kitu, na kurasa mbili zinazofuata ni nyeupe.

Niseme ukweli, sikuwa na shida ya kujua lililo jema. Nililijua. Nilichokuwa nakitafuta ni njia ya kutolijua. Nilijiambia moto ukiwaka watakimbia. Mayai je? Nilijiambia huenda hayajatagwa. Nilijiambia bata si fundichuma, mwiko wa Mzee Shija unamhusu fundichuma peke yake. Ijumaa mama mdogo alipika ndizi na maharage, chakula cha kwetu, akanipakulia kwanza mimi. "Kula," akasema. "Wiki ijayo utakuwa na mlango wako wa kufunga." Nilikula. Yeye mwenyewe alikula kidogo sana, akasema mtoto amembana.

Jumamosi Mzee Shija aliyapanga matairi vizuri, kuni katikati, mafuta ya taa ndani ya chupa. Majirani walikuwa wamesimama. Kabla ya kuwasha alifanya kitu ambacho sikukitarajia. Akachukua nyundo ndogo, akaligonga jiwe mara tatu kama mtu anayebisha hodi, akaita: "Wenye nyumba! Mmehama?" Tukasikiliza. Juu hapakuwa na sauti. Bata anayeatamia hanyanyuki hata ukimpigia ngoma, hilo nililisoma baadaye. Akagonga tena, akaita tena. Kisha akanigeukia mimi, akauliza lile lile, kwa upole tu, kiberiti kipo mkononi: "Binti, wamehama?"

Nikasema, "Fundichuma wamehama. Kuna bata. Ana mayai. Nimemwona tangu Jumatano." Halafu nikaanza kulia kwa sauti, mbele ya watu, mimi niliyekuwa napiga chafya kwa ndani. Sikumlilia bata. Nilikililia chumba, na shule.

Hakuna aliyenigombeza. Mzee Shija alikirudisha kiberiti mfukoni, akakaa juu ya tairi moja, akaomba maji ya kunywa. Baba mdogo alijikuna kichwa. Mama mdogo aliingia ndani akafunga mlango, na hilo liliniuma kuliko lolote, nikajua amekasirika. Mzee Shija alitusubiri wiki mbili akifanya vibarua vya jirani, kila asubuhi anapita kuuliza. Kisha mvua ikapiga usiku kucha, akaja na nyundo yake begani kuaga. "Nyumba yako itakuja, mwanangu," akaniambia. "Wewe umemwachia mtu yake." Alisema kwa moyo mwema, lakini niliona ni maneno ya mtu ambaye ana kwake. Siku hiyo nilitoa begi chini ya kochi nikakunja nguo zote. Hakuna aliyeniambia niondoke, ila niliona ni heri wanikute tayari.

Wale bata walitoka asubuhi moja katikati ya mwezi wa kumi na moja, wiki ya mitihani. Nilisikia bata anaita chini ya jiwe, sauti fupi fupi, haachi. Nikatoka na mswaki mdomoni. Kwenye mdomo wa kiota kulikuwa na kitu cha manjano na kahawia, kidogo kama ngumi, kinachungulia dunia. Bata akaita. Kile kitu kikajitupa. Kilianguka, kikagonga jiwe, kikadunda kama mpira wa soksi, kikasimama. Nikapiga ukelele. Mlango ukafunguliwa nyuma yangu, akatoka mama mdogo na tumbo lake la miezi minane, anaburuta godoro langu. Alilikata kamba kwa kisu, akalitandaza chini ya jiwe, ua jekundu juu, akasimama kando anahema. "Waache waangukie mahali laini," akasema. Na kweli, sita waliobaki waliangukia kwenye ua, mmoja baada ya mwingine, wakadunda, wakajikusanya kwa mama yao. Sikufika shule mapema siku hiyo. Tuliwasindikiza mtaa mzima: chini kwa ngazi za mawe, barabarani ambako baba mdogo alisimama katikati ya lami na sare yake ya kiwanda akiinua mikono, madereva wakimtukana kisha wakiona wanacheka, tukavuka reli, tukapita wanakoanika dagaa, mpaka majini. Bata aliingia ziwani bila kugeuka. Vifaranga nao wakaingia kana kwamba wamezaliwa humo. Mimi nilibaki nimesimama kwenye matope, naangalia, nataka kujua watalala wapi leo.

Bibi, mama yake baba mdogo, alifika wiki iliyofuata na mkeka wake na kuku wawili. Nilimwamkia, nikamwonyesha begi langu lililofungwa, nikasema mimi niko tayari, nafasi ni yake. Akanitazama, akamtazama mkwewe. Mama mdogo akasema, "Huyu harudi. Nimeshamwambia mwanao." Hakueleza zaidi. Bibi akasema godoro ni pana, na kwamba tangu afiwe na mumewe hajapata mtu wa kumkanyagia miguu usiku. Tukalala pamoja miezi mitano. Alikoroma, alinivuta shuka, alinifundisha kuzitaja nyota kwa Kisukuma kupitia mlango wa nyuma. Mtoto alipozaliwa kabla ya Krismasi, mtaa mzima ulishampa jina, na mpaka leo anaitika Bukini. Chumba hakikujengwa. Nilimaliza kidato cha nne nikitokea sebuleni.

Miaka yote niliamini mama mdogo alinisamehe. Mwezi wa mwisho wa uhai wake nilikuwa namlisha uji hospitalini, saa za mchana za kuona wagonjwa, akaweka mkono juu ya kijiko. "Yule bata," akasema, "nilimwona kabla yako. Jumapili, natoka misa ya kwanza. Alikuwa anaingia na kutoka." Nikamwambia apumzike. "Sikiliza. Nilinyamaza. Nilitaka upate chumba. Nilisema ndege watapata kwingine, wewe hutapata. Siku ya moto, mzee alipogonga, mimi nilikuwa nimesimama pale nimenyamaza, mtu mzima, na wewe ukasema. Ulikuwa na cha kupoteza, ukasema. Nikaingia ndani kwa aibu, Koku. Si kwa hasira." Akapumua kidogo. "Ndipo nikamwambia mume wangu, mtoto huyu akirudi Muleba, mimi nitaishije na hilo jiwe nyuma ya nyumba yangu?" Kisha akataka uji uliobaki, akaumaliza wote.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipoomba muda mpaka kesho. Asubuhi fundi alikuja kweli, kijana mwenye mashine ya kutobolea na kofia ya njano, na Bukini akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. "Haya, dada. Tuvunje au tusivunje?" Anavihitaji vile vyumba, nalijua hilo, watoto wake watatu wanalala sebuleni. Nikachukua nyundo kwenye vifaa vya fundi, nikaligonga jiwe mara tatu, nikaita kwa sauti, "Wenye nyumba! Mmehama?"

Yule kijana alinitazama kwa heshima wanayotazamwa nayo wazee waliochanganyikiwa. Bukini alicheka. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu kule juu, ndani ya giza la kiota, kitu kilisogea.

Nikamwambia anitafutie daftari.